Kwa nini kocha anapangua kikosi wakati msimu umebakiza mechi tatu?

Mkaa Jukwaani

Habari za jioni, ndugu wanamichezo. Niseme mapema kwamba mimi si mtaalamu wa mpira wa kikapu. Nilicheza nikiwa sekondari, nikaacha, na tangu hapo kazi yangu imekuwa kulipa kiingilio na kukaa jukwaani. Hata hivyo, kwa misimu minne mfululizo sijakosa mechi ya timu yetu isipokuwa siku nilizouguliwa nyumbani, na kwa sababu hiyo naona nina haki ya kuuliza ninachotaka kuuliza.

Tangu mzunguko wa kwanza wa ligi yetu ya mkoa, timu ilikuwa ikianza na watano walewale: namba 4 akichezesha, namba 7 na namba 9 pembeni, namba 12 mbele, na namba 11 chini ya goli. Watano hawa wamezoeana kiasi kwamba namba 4 huachia pasi kabla namba 7 hajageuka, na mpira humkuta mikono iko tayari. Sasa tunakaribia hatua ya mtoano, wakati ambao timu nyingine zinakaza nati, kocha wetu ndiyo kwanza anazilegeza. Katika mechi tatu zilizopita namba 4 ameanzia benchi, na nafasi yake amepewa kijana namba 15, mwanafunzi wa chuo, ambaye mbio anazo lakini bado anapoteza mipira kwa papara. Namba 11, mchezaji wetu pekee mwenye urefu wa kuogopwa, naye sasa anaingia robo ya pili kama mgeni aliyechelewa harusini.

Lililonifanya nishike kalamu ni la Jumatano iliyopita pale Donbosco Upanga, dhidi ya wapinzani tunaogombania nao nafasi. Saa ya ubaoni ilikuwa imebakiza dakika moja na sekunde 48, na sisi tulikuwa nyuma kwa pointi 6. Kocha akaomba muda. Wachezaji waliporudi uwanjani, namba 7, ambaye hadi hapo alikuwa amefunga pointi 19, alibaki amekaa na taulo shingoni. Wakaingia wakabaji wawili ambao kwa msimu mzima sijawaona wakitupa mpira wa pointi tatu. Hatukufanya madhambi ya kusimamisha saa, wala hatukuwa na haraka ya kushambulia. Kila tulipopata mpira tuliuzungusha nje mpaka sekunde 24 za shambulizi zikakaribia kwisha. Mechi ikamalizika kwa tofauti ileile ya pointi 6, na kocha akaenda kupeana mikono na wenzake kwa utulivu kana kwamba tumeshinda sisi. Mimi nilitembea hadi kituo cha mwendokasi cha Fire bila kuzungumza na mtu.

Maswali yangu ni mawili. Kwanza, kuna sababu gani ya kuvunja kikosi kinachoanza wakati huu wa msimu? Pili, ni kocha gani anayemtoa mfungaji wake bora timu ikiwa nyuma kwa pointi 6 na muda bado upo?

Mtoto wa Ilala

Ndugu yangu Mkaa Jukwaani, umelisema kwa upole jambo ambalo wengine tumekuwa tukilisema kwa ukali tangu mwezi uliopita. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa; mfungaji wetu yeye alitunzwa taulo.

Nimewasikia watu wakidai kwamba mwishoni mwa msimu hakuna la kufanya, na kwamba kocha aachwe amalize kwanza ndipo tuhoji. Hoja hiyo siikubali. Aprili 8, 2025, uongozi wa Denver Nuggets ulimfukuza kazi Michael Malone, kocha aliyewapa ubingwa wa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, mwaka 2023, zikiwa zimebaki mechi tatu tu za msimu wa kawaida, na siku hiyohiyo ukaachana na meneja mkuu Calvin Booth. Timu akakabidhiwa msaidizi wake, David Adelman. Akashinda mechi zote tatu zilizobaki, kisha akawaondoa LA Clippers kwenye raundi ya kwanza katika mechi saba. Kwa hiyo anayesema mechi tatu ni chache mno kwa mabadiliko aniambie Denver walipata wapi ujasiri huo.

Sisemi kocha wetu afukuzwe. Nasema aulizwe, tena aulizwe mbele ya wanachama, kwa sababu pesa ya jezi mpya tulichangishana sisi.

Dada wa Daftari

Nawasalimu wote, na wakubwa shikamooni.

Mimi huenda mechi zote na daftari. Si daftari la takwimu kubwa. Ni daftari la kawaida la mistari, na kurasa za mzunguko wa kwanza zina doa la chai. Kila mchezaji anapoingia au kutoka naandika muda uliopo kwenye saa na matokeo yaliyopo ubaoni wakati huo. Basi. Nikifika nyumbani natoa na kujumlisha, na kwa njia hiyo najua kwamba tangu mchezaji fulani aingie mpaka atoke, timu ilipanda kwa pointi ngapi au ilishuka kwa pointi ngapi, hata kama yeye mwenyewe hakugusa goli. Ni hesabu ya darasa la tatu, lakini imewahi kunibadilisha mawazo mara nyingi kuliko kelele za jukwaani, zikiwemo zangu mwenyewe.

Kuhusu namba 11 nitawaudhi baadhi yenu. Katika mechi nne za mwisho kabla kocha hajaanza kupangua, tatu kati yake tulimaliza robo ya kwanza tukiwa nyuma, na karibu shimo lote lilichimbwa wakati senta wetu yuko uwanjani. Si kwamba anacheza vibaya. Ni kwamba timu tunazokutana nazo sasa zina masenta wepesi wanaosimama nje ya mstari wa pointi tatu, na namba 11 akitoka kuwafuata anaacha mlango wazi chini ya goli. Akikataa kutoka, wanatupa bila bughudha. Robo ya pili wapinzani wanapopumzisha senta wao na kuingiza mtu mzito, namba 11 anaingia, na daftari linaanza kucheka. Jumatano aliingia tukiwa nyuma kwa pointi 8, akatoka tukiwa nyuma kwa pointi 1.

Hili si jambo jipya. Katika fainali ya NBA ya mwaka 2015, Golden State Warriors walikuwa nyuma kwa mechi mbili kwa moja dhidi ya Cleveland Cavaliers. Kocha Steve Kerr akamwondoa senta wake, Andrew Bogut, kwenye kikosi kinachoanza mechi ya nne, na nafasi hiyo akampa Andre Iguodala, mchezaji mfupi zaidi ambaye katika msimu mzima hakuwa ameanza hata mechi moja. Walishinda 103 kwa 82, wakashinda na mbili zilizofuata, na Iguodala akachaguliwa mchezaji bora wa fainali. Nadhani wengi tunakumbuka ubingwa ule, lakini tumesahau kwamba ulianza na senta kukalishwa benchi mwezi wa sita, baada ya mechi zaidi ya 90.

Ila kwa namba 4 nakubaliana na ninyi kabisa. Nimepekua kurasa za mechi hizi tatu nikitafuta faida ya kumwanzisha namba 15, sijaiona. Anapoteza mipira, na namba 7 akiwa naye anapata mpira akiwa amekwisha kukabwa. Hapo sina cha kumtetea kocha.

Mzee wa Mezani

Marahaba, binti yangu. Daftari lako nalifahamu. Huwa nakuona upande wa pili nikajiuliza kama wewe ni mwandishi wa habari.

Nimekaa kwenye meza ya waandishi wa mchezo kwa miaka mingi, na nilipoacha macho yalibaki na tabia ileile ya kutazama saa kuliko mpira. Nitalijibu swali la pili la ndugu Mkaa Jukwaani, kwa sababu lina jibu ambalo linaweza kuhesabiwa kwa vidole, na nashangaa kwamba mpaka sasa hakuna aliyeligusa.

Msimamo wa ligi kwa kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, haupangwi kama wa mpira wa miguu. Mshindi hupata pointi 2, aliyefungwa hupata pointi 1, na asiyefika uwanjani hupata sifuri. Timu mbili zikilingana pointi, hatutazami kwanza nani amefunga vikapu vingi msimu mzima. Tunatazama mechi ambazo timu hizo mbili zilikutana zenyewe. Ikiwa kila moja ilishinda mara moja, inatazamwa tofauti ya pointi katika mechi hizo mbili. Sasa rudini nyuma. Mzunguko wa kwanza tuliwafunga hawa wa Jumatano kwa tofauti ya pointi 9. Jumatano wametufunga kwa pointi 6. Tisa ukitoa sita inabaki tatu, na hizo tatu ni zetu. Tukimaliza ligi tukiwa tumelingana nao, sisi tuko juu.

Kwa kujua hilo, itazameni upya dakika moja na sekunde 48. Robo ile tulikuwa tumekwisha kufikisha madhambi manne ya timu, maana yake kila dhambi iliyofuata ingewapa wapinzani mitupo miwili ya bure. Tungefanya mnavyotaka, yaani tuwashike ili saa isimame, halafu tukimbilie kutupa pointi tatu, tungeweza kusawazisha, sikatai. Lakini tungeweza vilevile kukosa mara mbili, wao wakafunga mitupo minne, na tofauti ikafika 10. Hapo tungepoteza mechi na kupoteza faida ya mzunguko wa kwanza kwa pamoja. Sekunde 108 ukizigawa kwa 24 unapata mashambulizi manne na nusu kwa timu zote mbili, kama kila moja itatumia muda wake wote. Kocha aliamua kwamba yawe manne na nusu hivyohivyo, yasiwe kumi. Namba 7 ni mfungaji, na mfungaji ukimweka uwanjani atatupa mpira kukiwa bado na sekunde 17 kwenye saa, kwa sababu ndivyo alivyoumbwa. Ukitaka mpira uzungushwe, unaweka wanaokubali kuuzungusha.

Kama ningekuwa mimi ningefanya vile? Pengine nisingefanya. Sababu nzuri ya kwenye karatasi inaweza kukuangusha uwanjani, na aliyewahi kuanguka hivyo ni mkubwa kuliko kocha wetu. Juni 18, 2013, mechi ya sita ya fainali, San Antonio Spurs walikuwa wakiongoza kwa pointi 5 zikiwa zimebaki sekunde 28, na wangeshinda wangekuwa mabingwa usiku uleule. Kocha wao, Gregg Popovich, akamweka nje Tim Duncan, ambaye hadi mechi inakwisha alikuwa na pointi 30 na mipira 17 aliyoidaka ubaoni, ili kila aliyebaki uwanjani aweze kubadilishana na mwenzake kuwakaba watupaji wa Miami Heat. Hesabu ilikuwa sahihi: Miami walihitaji pointi tatu. Wakatupa, wakakosa, mpira ukaruka juu ya ubao mahali ambapo Duncan angekuwa amesimama, ukadakwa, na LeBron James akafunga mtupo wa pili. Kawhi Leonard wa San Antonio akapata mtupo mmoja wa bure kati ya miwili. Duncan akatolewa tena. LeBron akakosa, Chris Bosh akaudaka, akampasia Ray Allen kwenye kona, na zikiwa zimebaki sekunde 5 matokeo yakawa 95 kwa 95. Miami wakashinda katika muda wa nyongeza, wakashinda na mechi ya saba. Mwaka uliofuata Popovich aliwarudia akawafunga mechi nne kwa moja, lakini muulize shabiki yeyote wa San Antonio aanze kukumbuka wapi.

Nimeeleza hilo kwa urefu kwa sababu Jumatano, zikiwa zimebaki sekunde 30, wapinzani walikosa mtupo na mpira ukaruka hivyohivyo. Namba 12 aliuwahi kwa vidole viwili akaudaka. Ungeangukia mikononi mwao, wakaongeza pointi tatu, tofauti ingekuwa 9 kwa 9 na hesabu yote ingeanza upya. Kocha alicheza kamari, akashinda kwa vidole viwili.

Kwako Mtoto wa Ilala: ni kweli Adelman alishinda mechi zake tatu na akawatoa Clippers. Raundi iliyofuata walitolewa na Oklahoma City Thunder. Ukitoa mfano, umalizie.

Tena wengi wenu mlikuwa wadogo, lakini mwaka 2009 kijana wetu wa hapahapa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet, alichaguliwa wa pili katika drafti ya NBA, yaani zoezi la timu kuchagua wachezaji wapya, mbele ya James Harden na Stephen Curry, akaenda Memphis Grizzlies. Mechi yao ya saa 1 usiku kule kwao, kwetu ni saa 10 alfajiri. Tulikuwa tukiamka kutafuta matokeo, tukikuta amecheza dakika chache tunamlaani kocha Lionel Hollins kabla ya adhana, eti kwa nini anamwanzisha Marc Gasol. Mwaka 2013 Gasol akatangazwa mkabaji bora wa ligi nzima. Mpaka leo mtoto wa nyumbani nampenda, lakini lawama zile za alfajiri nimezifuta.

Mkaa Jukwaani

Shikamoo, Mzee. Nimesoma mara mbili, kisha nikachukua karatasi nikaandika 9 na 6 nikazitazama.

Nakiri kwamba nilikuwepo siku tuliposhinda kwa pointi 9, nilishangilia mpaka sauti ikakauka, na sikuwahi kufikiria tena tofauti ile. Niliiona kama mechi iliyokwisha. Kumbe ilikuwa bado inaendelea Jumatano, na mimi nilikuwa natazama nusu yake ya pili nikidhani ni mechi nzima. Swali langu la pili nimelifuta, na nimemwomba radhi namba 7 moyoni, kwa sababu nilidhani uso wake ule wa chini ya taulo ulikuwa wa hasira.

La namba 11 nalo, Dada wa Daftari amenisukuma ingawa hajaniangusha. Naona mantiki yake. Bado naamini senta mrefu akikaa benchi dakika 10 za mwanzo wapinzani wanaingia chini ya goli bila woga, na woga hauandikwi kwenye daftari, lakini nitatazama tena kabla ya kubisha.

Linalobaki ni namba 4, na hapa hata daftari liko upande wangu. Hatuzungumzii tofauti ya pointi, hatuzungumzii wapinzani wenye senta mwepesi. Tunazungumzia mchezeshaji aliyekuwa nguzo msimu mzima, ambaye hajaumia, kwa kuwa akiingia anakimbia kama kawaida, na ambaye kwa mechi tatu ameanza nje. Ikiwa ni adhabu, tuambiwe. Ikiwa ni majaribio, mbona yanafanyika sasa? Na ikiwa kocha ana sababu nzuri kama ile ya pointi 9, kwa nini sisi tuipate kwa Mzee, na si kwake?

Mtoto wa Ilala

Hapo ndipo ninaposimama. Dada ametutajia Steve Kerr, lakini ameacha kipande. Kabla ya mechi ile ya nne waandishi walimuuliza Kerr kuhusu kikosi, akawaambia habadilishi kitu, na baada ya kushinda akakiri wazi kwamba aliwadanganya ili wapinzani wasijue. Naelewa kocha kuficha kikosi kabla ya mechi. Baada ya mechi anamficha nani?

Jirani wa Buguruni

Samahanini kwa kuingilia. Mimi huwa nasoma tu, lakini naona mzigo unamwelemea mtu asiyestahili, na sijui kama ni kocha au ni namba 4.

Wachezaji wetu hawalipwi mishahara ya kuishi. Kila mmoja ana kazi au masomo, na hilo sote tunalijua, ila tukishaingia uwanjani tunalisahau kwa sababu wamevaa jezi. Namba 4 anafanya kazi ghalani, upande wa Vingunguti, na mimi ni jirani yake. Mwanzoni mwa mwezi alihamishiwa zamu inayoisha saa 11 jioni. Mechi zote tatu mnazozitaja zilikuwa siku za kazi, na zote tulipangiwa mchezo wa kwanza wa jioni. Mwenye kuijua foleni ya Buguruni saa hizo hahitaji maelezo zaidi. Jumatano alikuwa amekaa nyuma ya bodaboda na begi la viatu tumboni, na aliingia uwanjani jezi ikiwa ndani ya shati la kazi. Nilikuwa nimetangulia, nilimwona akivua shati palepale nyuma ya benchi huku robo ya kwanza ikiendelea.

Kocha anajua. Aliyeomba lisitangazwe ni namba 4 mwenyewe, kwa sababu hataki ionekane kwamba anatanguliza kazi, wala hataki wenye ghala wasikie kwamba anakimbilia mpirani. Nimeandika bila kumwomba ruhusa na huenda nikagombezwa.

Mzee wa Mezani

Maelezo haya yanaingiana na utaratibu. Si chini ya dakika 10 kabla ya mechi kuanza, kila kocha hupita mezani kuthibitisha orodha ya wachezaji kwa saini yake, na wakati huohuo anaonyesha watano watakaoanza. Kwenye karatasi ya mchezo kila anayeingia huwekewa alama ya mkasi mbele ya namba yake, na wale watano wa mwanzo alama yao huzungushiwa duara. Mchezaji ambaye bado yuko Buguruni kocha hawezi kumtaja kwenye watano wake, lakini jina lake likiwa limo kwenye orodha anaruhusiwa kuingia wakati wowote atakapofika. Kwa hiyo kocha alikuwa akimwandika kila mara. Asiyekuwa na imani na mchezaji hamwandiki akiwa barabarani.

Dada wa Daftari

Nimefungua daftari. Namba 4 aliingia mechi ya kwanza kati ya hizo tatu robo ya kwanza ikiwa imebakiza dakika 3 na sekunde 12. Mechi ya pili aliingia mwanzoni mwa robo ya pili. Jumatano aliingia robo ya kwanza zikiwa zimebaki dakika 4 na sekunde 40. Nilidhani kocha ana mpango fulani wa mzunguko wa wachezaji, na hata niliandika pembeni kwa penseli nyekundu: "hakuna mpangilio?" Alama hiyo ya kuuliza naomba niiache ilivyo, kwa sababu sasa naona mpangilio ulikuwa wa magari.

Nimeona na jambo jingine ambalo sikulipa uzito. Katika mechi zote tatu, tangu namba 4 aingie hakutolewa tena hadi mapumziko. Mtu aliyeadhibiwa hachezeshwi hivyo.

Mkaa Jukwaani

Sina la kubisha, ingawa nina la kulalamika bado, na nalielekeza kwa uongozi badala ya kocha. Kama tuliweza kuchangishana jezi, basi hata nauli ya kumtoa mchezeshaji wetu kazini kwa haraka tungeweza kuchangishana, na pengine hata kuandika barua ya heshima kwa mwajiri wake, endapo mwenyewe angeridhia. Hakuna aliyetuambia. Kwa mwezi mzima tumemzomea namba 15, kijana ambaye alikuwa akishika nafasi ya mtu aliyekwama njiani, na nadhani hata yeye alilijua hilo na akanyamaza. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliomzomea, na nilikuwa na sauti.

Dada wa Daftari, Jumamosi naomba nikae karibu nawe upande ule wa benchi. Nataka nione hesabu ya namba 11 kwa macho yangu, dakika kwa dakika, na kalamu nitakuja nayo. Jirani wa Buguruni, nina swali moja tu kwako: Jumamosi zamu ikoje?

Jirani wa Buguruni

Jumamosi wanatoka saa 6 mchana, na mechi ni saa 10 jioni. Akianzia benchi siku hiyo, nitakuja kukaa upande wenu.